Ini Lenye Mafuta: Mazoezi Kwanza, Virutubisho vya Mimea kwa Hadhari

Ini ndicho kiungo kikubwa kuliko vyote vilivyomo ndani ya mwili wa binadamu. Hukaa upande wa kulia chini ya mbavu, na kwa mtu mzima huwa na uzito wa takriban kilo 1.5. Huhifadhi sukari na kuitoa inapohitajika, hutengeneza nyongo na protini za damu, na huvunjavunja dawa na sumu ili zitolewe mwilini. Ini lenye afya huwa na mafuta kidogo sana. Mafuta yanapofikia zaidi ya asilimia 5, ini hilo huhesabiwa kuwa na ugonjwa wa ini lenye mafuta.

Inakadiriwa kuwa takriban watu wazima 3 kati ya kila 10 duniani wana hali hii, na wengi wao hawajui, kwa sababu haina maumivu. Mara nyingi hugunduliwa kwa bahati, mtu anapopimwa tumbo kwa ultrasaundi kwa sababu nyingine. Hurudi nyumbani na karatasi inayosema ini lina mafuta, na kabla hajaonana na daktari tena, tayari ndugu, jirani au muuzaji amekwisha kumshauri anywe unga wa mlonge, kapsuli za manjano au chupa ya dawa ya kusafisha ini. Wakati huohuo huambiwa afanye mazoezi. Makala haya yanaeleza uzito wa kila moja ya njia hizi mbili, na namna ya kuziunganisha bila kuliumiza ini linalokusudiwa kutibiwa.

Mafuta ya ini hutoka wapi

Wengi hudhani kwamba mafuta ya ini ni yale ya chapati na nyama, yaliyosafiri kutoka sahani hadi ini. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 ulifuatilia chanzo cha mafuta hayo kwa wagonjwa na kukuta picha tofauti. Takriban asilimia 59 yalitoka katika akiba ya mafuta ya mwili, hasa yale yanayoachiliwa kuingia katika damu. Asilimia 26 yalitengenezwa na ini lenyewe kutokana na sukari na wanga. Asilimia 15 tu ndiyo yaliyotoka moja kwa moja katika mafuta ya chakula.

Chanzo cha hitilafu hii ni usugu wa insulini. Insulini ni homoni inayoamuru misuli kupokea sukari na mafuta ya akiba kubaki mahali pake. Mwili unapoacha kuitii vizuri, akiba huvuja, sukari hubaki katika damu, na ini hupokea mzigo wa pande zote mbili. Ndiyo maana ugonjwa huu huandamana na kisukari cha aina ya pili, shinikizo la damu, kitambi na mafuta mengi katika damu. Mwaka 2023 vyama vya wataalamu wa ini vya Marekani, Ulaya na Amerika ya Kusini vilikubaliana kuubadili jina ili utambulike kwa hitilafu hizo za kimetaboliki. Zamani uliitwa tu ugonjwa wa ini lenye mafuta usiotokana na pombe.

Kwa wagonjwa wengi mafuta hubaki mafuta tu. Kwa baadhi yao huleta uvimbe wa ndani unaoua seli, kisha makovu, na hatimaye sirosisi au saratani ya ini. Hata hivyo kinachowaua wengi wao ni maradhi ya moyo na mishipa ya damu. Tiba yoyote inayolishughulikia ini na kuusahau moyo imemshughulikia mgonjwa nusu.

Mazoezi hufanya nini

Msuli unaofanya kazi hufungua milango yake na kupokea sukari hata pale insulini inapokuwa dhaifu. Sukari inayochomwa na misuli haifiki katika ini kugeuzwa mafuta. Kadiri wiki zinavyopita, mwili huanza tena kuitii insulini, akiba ya mafuta huacha kuvuja, na ini hupata nafasi ya kuchoma lile lililojaa.

Jambo linalopaswa kuwatia moyo wagonjwa ni kwamba faida hii huanza kabla mizani haijasogea. Mwaka 2009 watafiti wa Australia waliwaendeshesha baiskeli watu wachache wenye unene kwa wiki 4. Uzito wao haukupungua, lakini mafuta ya ini yalishuka kwa takriban asilimia 21. Mgonjwa anayekata tamaa kwa kuwa mizani imekwama anapaswa kuambiwa kwamba ini lake huenda limekwisha kuanza kupona.

Si lazima kukimbia. Katika utafiti wa China uliochapishwa mwaka 2016, watu 220 wenye kitambi na ini lenye mafuta waligawanywa katika makundi matatu. La kwanza lilikimbia dakika 150 kwa wiki kwa miezi 6, kisha likatembea haraka kwa miezi 6 mingine. La pili lilitembea haraka dakika 150 kwa wiki kwa mwaka mzima. La tatu halikupangiwa mazoezi. Makundi yote mawili ya mazoezi yalipunguza mafuta ya ini kuliko lile la tatu, na baina ya wakimbiaji na watembeaji hapakuwa na tofauti kubwa.

Mazoezi yakiambatana na kupungua uzito, faida huongezeka. Watafiti wa Kuba, katika kazi iliyochapishwa mwaka 2015, waliwafuatilia wagonjwa 293 waliobadili chakula na mwenendo wa maisha kwa wiki 52, na kupima vipande vidogo vya ini. Miongoni mwa waliopunguza uzito kwa asilimia 10 au zaidi, uvimbe wa ini uliisha kwa asilimia 90, na makovu yalirudi nyuma kwa asilimia 45. Hakuna kirutubisho cha mmea kilichowahi kuonyesha matokeo yanayokaribia hayo.

Mimea: kilichopimwa na kilichodhaniwa

Virutubisho vya mimea ni unga, kapsuli, matone au chai zinazouzwa kama nyongeza ya chakula. Kuvidharau vyote si sahihi, kwa kuwa dawa nyingi za hospitali zilianzia katika mimea. Kuviamini vyote pia si sahihi.

Manjano, ambayo wengine huiita binzari, ina kemikali iitwayo kurkumini. Majaribio kadhaa, mengi yakiwa ya Iran, yaliwapa wagonjwa kurkumini kwa wiki chache na kuona vimeng'enya vya ini vikishuka kidogo. Majaribio hayo yalikuwa madogo na mafupi. Kushuka kwa vimeng'enya ni ishara njema, lakini hakuthibitishi kwamba makovu yamepungua.

Silimarini hutolewa katika mbegu za Silybum marianum, mmea wenye miiba wa nchi za Bahari ya Kati. Mwaka 2017 watafiti wa Malaysia walichapisha jaribio la wagonjwa 99, ambapo nusu walipewa silimarini miligramu 700 mara tatu kwa siku kwa wiki 48, na nusu nyingine kidonge kisicho na dawa. Lengo kuu la jaribio halikufikiwa, kwani tofauti ya makundi mawili ilikuwa ndogo. Dalili ya kupungua makovu ilionekana kwa asilimia 22.4 ya waliotumia silimarini, dhidi ya asilimia 6 ya wengine. Matokeo hayo yanahitaji kuthibitishwa kwa jaribio kubwa zaidi, na hayatoshi kuandikia watu dawa.

Mlonge na habasoda vina sifa kubwa mitaani. Ushahidi wa mlonge juu ya ini lenye mafuta umetoka zaidi kwa panya wa maabara, na ule wa habasoda umetoka katika majaribio madogo ya binadamu. Majani ya mlonge yakiliwa kama mboga ni chakula bora. Kuyaita tiba ya ini ni kuyapa cheo ambacho hayajakipata.

Kinywaji cha mmea chenye rekodi nzuri zaidi hakiuzwi katika kapsuli. Tafiti nyingi za ufuatiliaji zimeonyesha kwamba wanywaji wa kahawa wana makovu machache ya ini kuliko wasiokunywa. Tafiti za namna hiyo haziwezi kuthibitisha kwamba kahawa ndiyo chanzo, lakini anayekunywa kahawa isiyo na sukari na ambaye haimsumbui moyo au usingizi, hana sababu ya kuiacha.

Je, mazoezi na mimea kwa pamoja hushinda mazoezi peke yake? Yapo majaribio yaliyounganisha mazoezi na kurkumini au chai ya kijani. Mengi ni madogo, ya muda mfupi, na yanatazama vimeng'enya badala ya makovu. Mwongozo wa Ulaya wa mwaka 2024 juu ya ugonjwa huu ulihitimisha kwamba virutubisho vya namna hii haviwezi kupendekezwa kuwa tiba kwa sababu ushahidi hautoshi. Mwongozo huohuo unasisitiza mazoezi, chakula na kupunguza uzito.

Kapsuli si mchuzi

Manjano ya kijiko kimoja katika mchuzi na manjano ya kapsuli si kitu kimoja. Ile ya jikoni hufyonzwa kidogo sana na utumbo. Watengenezaji wa kapsuli hukusanya kurkumini nyingi pamoja, kisha huongeza piperini, kemikali ya pilipili manga, ambayo katika jaribio la mwaka 1998 ilionekana kuongeza ufyonzaji wake kwa mara 20. Kinachofika katika ini basi ni dozi ambayo mapishi ya vizazi vyote hayakuwahi kuifikisha.

Matokeo yake yameonekana. Mtandao wa Marekani unaochunguza majeraha ya ini yatokanayo na dawa uliripoti wagonjwa 10 walioumizwa na virutubisho vya manjano kati ya mwaka 2004 na 2022. Watano walilazwa hospitalini na mmoja alifariki kwa ini kushindwa kufanya kazi. Wagonjwa 7 kati ya hao 10 walikuwa na aina moja ya urithi wa kinga ya mwili, jambo linaloeleza kwa nini kapsuli ileile humwacha mtu mmoja salama na kumuumiza mwingine. Kwa upande wa chai ya kijani, Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilieleza mwaka 2018 kwamba kapsuli zenye miligramu 800 au zaidi za katekini yake kuu kwa siku hupandisha vimeng'enya vya ini. Chai yenyewe iliyotiwa maji ya moto kwa ujumla haikuonekana kuwa na hatari hiyo.

Ipo pia hatari ya mwingiliano na dawa. Uwatu hushusha sukari, hivyo ukichanganywa na insulini au glibenklamidi unaweza kumwangusha mgonjwa. Kapsuli za manjano zinaweza kuongeza uwezekano wa kutoka damu kwa anayetumia wafarini. Unga uliohifadhiwa penye unyevu unaweza kuota kuvu na kubeba sumukuvu, sumu inayoshambulia ini moja kwa moja.

Mtego wa kuanza vyote siku moja

Mgonjwa mwenye ari huanza kila kitu Jumatatu moja: kunyanyua vyuma, kukimbia, na kumeza kapsuli. Baada ya wiki moja hupimwa damu, na vimeng'enya vya ini vimepanda. Nini kimevipandisha?

Vimeng'enya vya ALT na AST havimo katika ini peke yake. Vimo pia katika misuli, na mazoezi mazito ya kunyanyua yanaweza kuvipandisha kwa siku 7 au zaidi hata kwa mtu mwenye afya kamili. Mhudumu asiyelijua hilo anaweza kumkataza mgonjwa mazoezi, yaani kumnyima tiba yenye nguvu kuliko zote. Kinyume chake ni kibaya zaidi: anaweza kuyalaumu mazoezi, kumbe ni kapsuli inayoliumiza ini, na mgonjwa akaendelea kuimeza.

Njia ya kuuepuka mtego huu ni rahisi. Mazoezi yaanze kwanza, yapewe wiki 12, na vipimo virudiwe. Siku chache kabla ya kupimwa damu mgonjwa aache kunyanyua vitu vizito, ingawa kutembea kunaruhusiwa. Panapokuwa na shaka, kipimo cha kimeng'enya cha misuli kiitwacho CK husaidia: kikiwa juu sana, misuli ndiyo inayoshukiwa kwanza. Baada ya hapo, iwapo mgonjwa bado anataka kuongeza kirutubisho, aongeze kimoja tu, na apimwe tena baada ya wiki 4 hadi 8.

Mpango wa mazoezi na chakula

Kwa mtu ambaye hajazoea mazoezi, wiki mbili za kwanza atembee dakika 10 kila siku. Aongeze kidogokidogo mpaka afikie dakika 30 kwa siku 5 za wiki. Mwendo unaofaa ni ule ambao mtu anaweza kuzungumza lakini hawezi kuimba. Siku 2 za wiki aongeze mazoezi ya nguvu: kuketi na kuinuka kitini mara 10, kusukuma ukuta kwa mikono, na kunyanyua chupa mbili za maji. Mama anayelima au kuchota maji kila siku tayari ana mazoezi. Anayeketi dukani au nyuma ya usukani kutwa nzima hana, hata akijihisi amechoka jioni.

Wapo wanaopaswa kumwona daktari kwanza: mwenye maumivu ya kifua, mwenye vidonda vya miguu vya kisukari, anayetumia insulini, na mwenye sirosisi. Huyu wa mwisho asinyanyue vitu vizito, kwani mishipa iliyotanuka katika umio wake inaweza kupasuka.

Katika chakula, hatua ya kwanza ni kuacha soda na sharubati zenye sukari. Ugali au wali uchukue robo ya sahani, mboga za majani nusu, na robo iliyobaki iwe maharage, dagaa, samaki au kuku. Pombe iachwe.

Kwa mhudumu wa afya

Kituo kisicho na mashine ya kupima ugumu wa ini kinaweza kutumia hesabu ya FIB-4. Umri huzidishwa kwa AST, kisha hugawanywa kwa zao la idadi ya chembe sahani (kwa maelfu) na kipeuo cha pili cha ALT.

Chukulia mwalimu wa miaka 48, mwenye kilo 92, AST 52, ALT 64 na chembe sahani 210. Umri mara AST ni 2,496. Kipeuo cha pili cha ALT ni 8, na 210 mara 8 ni 1,680. Jibu ni takriban 1.49. Matokeo chini ya 1.3 yanaashiria uwezekano mdogo wa makovu makubwa, na juu ya 2.67 uwezekano ni mkubwa. Kwa mwenye umri zaidi ya miaka 65, kiwango cha chini kinachotumika ni 2.0. Mwalimu huyu yuko katikati, hivyo apewe rufaa ya kupimwa ugumu wa ini. Wakati anasubiri, lengo lake la kwanza ni kupunguza asilimia 5 ya uzito, yaani kilo 4.6, na la pili ni asilimia 10, yaani kilo 9.2.

Kabla ya kulaumu mafuta, apimwe pia homa ya ini aina ya B na C. Ini lenye mafuta halimkingi mtu na virusi, na mwenye vyote viwili huhitaji uangalizi zaidi.

Swali la dawa za mimea liulizwe kwa kila mgonjwa, na kwa heshima. Anayeulizwa "Unatumia miti shamba?" kwa sauti ya kukemea atajibu hapana. Ulizo jema ni: "Mama, kuna unga, chai au vidonge vyovyote unavyotumia nyumbani kwa ajili ya afya? Ukija tena tafadhali uje navyo tuvitazame." Mhudumu asome lebo, aandike jina na kipimo katika faili, na aangalie usajili. Tanzania ina Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, lililoundwa chini ya sheria ya mwaka 2002, na bidhaa isiyo na usajili wala orodha ya viambato haifai kupewa ini lenye ugonjwa.

Dalili za kuacha kirutubisho mara moja

Mgonjwa aache kirutubisho na aende kituo cha afya siku hiyohiyo akiona macho yamegeuka njano, mkojo umekuwa wa rangi ya chai ya rangi, mwili unawasha, au kichefuchefu na uchovu usioelezeka. Pasipo dalili, ALT iliyopanda zaidi ya mara 5 ya kiwango cha juu cha kawaida inatosha kuacha. Iliyopanda mara 3 pamoja na macho ya njano ni dharura: kwa jeraha la ini litokanalo na dawa lililofikia hali hiyo, takriban mtu mmoja kati ya 10 hufariki au huhitaji kupandikizwa ini.

Hitimisho

Mimea ya jikoni, kuanzia mboga za majani hadi manjano ya mchuzi na kahawa isiyo na sukari, inaweza kuandamana na mazoezi bila wasiwasi kwa wagonjwa wengi. Kapsuli na unga wa kununua ni jambo jingine: faida yake bado ni ndogo na haina uhakika, na madhara yake, ingawa ni nadra, yanaweza kuwa makubwa. Zipo sasa pia dawa za hospitali. Marekani iliidhinisha resmetirom mwaka 2024 na semaglutide mwaka 2025 kwa wenye uvimbe na makovu ya ini, lakini hata hizo hutolewa pamoja na chakula bora na mazoezi.

Mgonjwa mwenye fedha kidogo na hofu nyingi anastahili kuelezwa ukweli huu kabla hajafungua pochi. Bei ya chupa moja ya kapsuli inaweza kumnunulia viatu vizuri vya kutembelea, na viatu hivyo ndivyo vyenye ushahidi.